UZI: Nyumba ya kale ya ghorofa tatu, darini kuko tupu. Fleti mbili zinawezekana?

Darini_Juu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naweka vipimo mapema ili tusipige ramli.

Jengo ni la makazi na liko kwenye orodha ya majengo ya urithi. Kuta ni za tofali za kuchoma zilizojengwa kwa chokaa, na ghorofa ya juu zina unene wa sentimita 45. Kipimo cha ndani ni mita 8 kwa 12. Ukuta wa kati unafuata urefu wa jengo. Paa ni la vigae, lenye pande mbili zinazoteremka kwa digrii 40. Kenchi za ndani (fremu za mbao zinazobeba paa) ni mbili, zimeachana mita 4, na kila moja ina mtambaapanya (mbao ya kulala ya chini) unaokatiza chumba kwenye usawa wa sakafu. Kati ya boriti za sakafu ya sasa kumejazwa kifusi cha mchanga na vipande vya tofali, kina sentimita 8 hivi.

Wazo la familia ni fleti mbili, sakafu ya zege ya sentimita 12, tangi la maji la lita 1,000 juu, na madirisha upande wa barabarani. Karibuni mkosoe.

Mizigo_Inashuka

Mkuu, anza na penseli. Ukitoka ukutani kwenda katikati ni mita 4, na kwa digrii 40 mgongo wa paa uko mita 3.36 juu ya sakafu. Mtu akisikia 3.36 anaona nafasi tele. Lakini nafasi ya kuishi ni pale unaposimama bila kuinama. Ufaransa, kwa mfano, eneo lenye kimo chini ya mita 1.80 halihesabiwi kabisa kwenye ukubwa wa fleti inayouzwa, na ni kipimo kizuri kukitumia popote.

Bila kugusa kitu, kimo cha 1.80 unakipata ukiwa mita 2.15 kutoka ukutani. Toa hizo pande zote mbili, unabaki na ukanda wa mita 3.7 kwa 12, yaani mita za mraba 44.

Sasa jenga. Sakafu mpya itapanda kama sentimita 20 juu ya ile ya zamani. Kizuia joto na jipsam chini ya makombamoyo (mbao za mshazari zinazobeba vigae) vitakula sentimita 15, na kwa sababu ya mteremko zinakuwa karibu 20 ukipima wima. Kimo cha 1.80 kimehamia mita 2.6 kutoka ukutani. Ukanda umebaki mita 2.77, sawa na mita za mraba 33. Robo ya nyumba imekwenda kwa unene wa vifaa, na hapo bado hujaweka ngazi.

Darini_Juu (mleta uzi)

Kwa hiyo fleti mbili ndiyo basi?

Mizigo_Inashuka

Kwa hesabu hiyo, ndiyo. Chukua ngazi: kutoka sakafu hadi sakafu tuseme mita 3.2. Vidato 18 vinakupa kimo cha sentimita 17.8 kila kimoja, na ukiweka kina cha sentimita 25, ngazi inatambaa mita 4.25. Kwa upana wa mita moja ni zaidi ya mita 4 za mraba. Tena lazima itokee pale penye kimo cha mita 2 juu ya kichwa, yaani karibu na katikati, kwenye eneo lako zuri kabisa. Ukigawa kinachobaki mara mbili unapata vyumba viwili vya kupangisha kwa shida, kila kimoja na jiko na choo chake, uzito mara mbili na mabomba mara mbili.

Fleti moja nzuri ya vyumba viwili vya kulala. Huo ndio ushauri wangu, na hata mamlaka za urithi hukubali mpango wa namna hiyo kwa wepesi zaidi.

Tofauti ya mteremko ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Jengo hilihili lingekuwa na digrii 30, mgongo ungekuwa mita 2.31 tu na ukanda wa 1.80 ungekuwa mita 1.76 hata kabla ya kujenga chochote. Hapo hakuna fleti, hifadhi masanduku.

KenchiNaPapi

Vibanda vya madirisha (vijumba vidogo vyenye dirisha vinavyotokeza kwenye paa) vinarudisha sehemu ya hicho kilichopotea. Kibanda kimoja cha upana wa mita 3 upande wa uani, ukisogeza uso wake hadi sentimita 80 kutoka ukutani, kinarudisha mita 5 na ushee za mraba. Viwili vinarudisha karibu zote 11. Lakini uani, sio barabarani. Nitarudi kwenye hilo.

Mizigo_Inashuka

Sasa zege. Mkuu, hili ndilo la kuacha kabla ya mengine yote.

Zege lenye nondo lina uzito wa kilo 2,500 kwa mita ya ujazo. Sentimita 12 ni kilo 300 kwa mita ya mraba. Weka saruji ya kusawazisha na vigae, kilo 110. Kuta za kugawa za tofali, ukizitandaza kwenye eneo lote, kilo 150. Watu na samani, kilo 200 ambazo ni kipimo cha kawaida cha usanifu wa nyumba za kuishi. Jumla ni kilo 760. Zidisha kwa mita 96: tani 73 juu ya kuta ambazo zimezoea kubeba paa na masanduku machache.

Sakafu ya mbao: boriti, mbao za juu, sufi ya mawe (nyuzi laini za mawe za kuzuia moto na kelele) na dari ya chini, kilo 50. Kuta nyepesi za fremu na jipsam, kilo 40. Watu na samani, 200. Jumla 290, yaani tani 28 kwa eneo lote. Na ukiondoa kile kifusi cha sentimita 8 unashusha kilo 120 kwa kila mita, tani 11 na nusu. Ongezeko halisi kwenye kuta linabaki tani 16 hivi.

Angalia pia linakwenda wapi. Nusu ya mzigo wa sakafu hukalia ukuta wa kati. Kwa zege ni tani 3 kwa kila mita ya ukuta huo, kwa mbao ni tani 1.2. Kwa hiyo kabla ya kuchora chochote, shuka chini ghorofa kwa ghorofa uone kama ukuta wa kati unafika hadi msingi. Mara nyingi chini kabisa ulishabomolewa zamani ili kupata sebule pana au duka, ukawekewa mhimili ambao hakuna anayejua ulipimwa kwa mzigo gani. Pasua lipu pale uuone mhimili wenyewe, upime kina chake na mahali unapokalia.

Kanuni za Marekani za majengo yaliyopo zinasema kiungo chochote ambacho mzigo wake wa wima unaongezeka kwa zaidi ya asilimia 5 lazima kithibitishwe upya kwa hesabu. Asilimia 5 ni ndogo sana. Fleti ya darini huivuka karibu kila mara.

Tofali_na_Chokaa

Naongezea kuhusu msingi. Nyumba za kale nyingi zimekalia mawe yaliyopangwa kwenye mtaro usio na kina, na zilishatulia miaka mingi iliyopita. Ukiongeza mzigo, udongo unaanza kutulia tena, na hautulii sawasawa. Chimba mashimo mawili ya uchunguzi, moja kwenye ukuta wa nje na jingine kwenye ukuta wa kati, upana wa mita moja kila moja, uone kina na upana wa msingi. Usichimbe mtaro kando ya ukuta mzima kwa wakati mmoja.

KenchiNaPapi

Boriti za sakafu. Umbali kutoka ukuta wa nje hadi wa kati ni mita 4. Mbao ngumu ya daraja la ujenzi, milimita 50 kwa 200, zikiachana sentimita 40 katikati kwa katikati, zinafika. Kwa urefu wa mita 12 ni boriti 31 kila upande, 62 kwa jumla, urefu mita 4.2 kila moja. Ni mita za ujazo 2.6 za mbao. Boriti za zamani za dari, ambazo mara nyingi ni za milimita 100 tu, ziache zibebe dari yake na basi.

Boriti mpya hupita kati ya zile za zamani, na chini yake paachwe sentimita 2.5 juu ya dari ya chini bila kuigusa. Sababu ni mbili. Kwanza sakafu mpya itanesa kidogo watu wakitembea, na ikigusa lipu ya kale ya chokaa, nyufa na vipande vitaanguka kwa jirani. Pili ni kelele: kisigino kikigonga juu, mshindo hushuka kupitia mbao zinazogusana.

Kichwa cha boriti kwenye ukuta wa nje kitagongana na kombamoyo, kwa hiyo hukatwa mshazari kufuata mteremko. Kina kinachobaki pale juu ya ukuta kisiwe chini ya nusu. Kikalie sentimita 10 kamili, na kisizikwe kwenye saruji. Acha hewa izunguke ncha ya mbao. Ncha iliyofungwa ndani ya ukuta wenye unyevu huoza bila mtu kuona.

Darini_Juu (mleta uzi)

Swali: ile mitambaapanya ya kenchi inakatiza sakafu na watu wataikwaa. Fundi anasema inakatwa katikati tu pa kupitia mlango, kwa sababu "mbao bado nzima pande zote". Ni kweli?

Mizigo_Inashuka

Si kweli, na hapo ndipo majengo mengi ya kale yanapofunguka kuta.

Makombamoyo mawili yaliyoegemeana husukuma nje kwenye miguu. Mtambaapanya hufunga miguu hiyo isiachane. Kazi yake ni kuvutwa. Hesabu ya haraka: paa la vigae tuliweke kilo 120 kwa mita ya mraba ya usawa. Kwa upana wa mita 8 na kimo cha 3.36, msukumo ni kama kilo 285 kwa kila mita ya ukuta. Kenchi zako zimeachana mita 4, basi kila mtambaapanya unavutwa kwa nguvu ya zaidi ya tani moja, bila kuhesabu upepo. Ukiukata, tani hiyo inahamia kwenye kichwa cha ukuta wa tofali, ambao una nguvu ya kubeba kwenda chini lakini haujui kusukumwa kando. Hutaona kitu siku ya kwanza. Baadaye mgongo wa paa unalegea katikati, vigae vinaachana, maji yanaingia, na ukuta unatoka tumbo kwa nje.

Njia zipo. Kama sakafu mpya inapanda sentimita 20, mtambaapanya unaweza kufunikwa na sakafu yenyewe, ndiyo sababu nyingine ya kukubali kupoteza kimo hicho. Kama unatokeza bado, tengeneza kidato cha wazi cha kupanda na kushuka pale mlangoni, au geuza kenchi iwe ukuta wa kugawa vyumba. Kuihamisha kazi kwa fremu ya chuma kunawezekana, lakini fremu inafungwa na kukazwa kabla msumeno haujafika kwenye mbao. Mpangilio huo haugeuzwi.

KenchiNaPapi

Na kama chuma kinahitajika, kumbuka kinapandaje. Mhimili wa kina cha sentimita 20 una uzito wa kilo 25 kwa mita. Mita 6 ni kilo 150 na hazipiti kwenye kona ya ngazi ya kale. Agiza ukiwa vipande vitatu vyenye mabamba ya bolti, na kiungio kisiwe katikati ambapo mpindo ni mkubwa. Kila ncha ikalie kitako cha zege au jiwe gumu, sio tofali tupu. Kabla ya kutoboa ukuta wa pembeni gongagonga usikilize: dohani za zamani hupita humo ndani, na ukuta unaoonekana mnene sentimita 45 unaweza kuwa na ngozi ya tofali moja mbele ya uwazi.

Kuhusu mbao za zamani: usizihukumu kwa rangi. Chukua msumari mrefu au tindo nyembamba, choma pale kombamoyo linapokalia ukuta, chini ya mabonde ya paa, na kuzunguka dohani. Ikizama kirahisi zaidi ya sentimita moja, pameoza. Kipima unyevu kikisoma zaidi ya asilimia 20, hapo kuvu ana maisha. Tafuta maji yanatoka wapi kabla ya kununua dawa. Ncha iliyooza hukatwa na kuungwa mbao mpya ya aina ileile kwa kiungio cha mshazari na bolti, na shina la zamani linabaki. Kubadilisha kenchi nzima kwa sababu ya ncha yenye ubovu wa sentimita 40 ni hasara kwa jengo.

NgaziSalama

Nilikuwa nasubiri mtu ataje moto. Mmefika mbali sana bila kuutaja.

Fleti ya darini kwenye jengo hili ni ghorofa ya nne kutoka ardhini. Dirisha si njia ya kutokea tena. Njia ni ngazi, kwa hiyo ngazi yote kuanzia juu hadi mlango wa nje iwe ndani ya kizimba kinachohimili moto. Kila mlango unaofungukia ngazi uhimili dakika 30 na ujifunge wenyewe. Kati ya fleti na fleti, sakafu ihimili dakika 60. Hivyo ndivyo viwango vya kawaida, vyako vithibitishe kwa zimamoto wa eneo.

Ugumu wa jengo la urithi ni kwamba milango ya kale haitakiwi kung'olewa. Sehemu dhaifu ya mlango wa mbao wenye mabamba ni yale mabamba yenyewe, mara nyingi unene wake ni chini ya sentimita moja, wakati fremu ina nne. Huimarishwa kwa rangi inayovimba ikipata joto, au kwa ubao mwembamba wa kuhimili moto upande wa ndani, pamoja na ukanda unaovimba uliochomekwa kuzunguka kingo. Mapambo ya upande wa ngazi yanabaki yalivyo.

Dari ya chini nayo usiiguse kama ina maua ya chokaa. Fanya kazi kutoka juu: wavu wa waya kati ya boriti, kisha sufi ya mawe ya sentimita 10 juu yake. Dari ikianguka kwenye moto, wavu unashika sufi na boriti zinapata muda. Usitumie povu la plastiki mahali hapo.

Na kile kifusi mnachotaka kukitupa ndicho kilichokuwa kizuizi cha moto na kelele. Ukikitoa, lazima urudishe vyote viwili kwa njia nyepesi.

Mizigo_Inashuka

Nakubaliana na NgaziSalama, na ndiyo sababu uamuzi wa kifusi si wa fundi peke yake. Kwa kelele, Uingereza inataka sakafu kati ya fleti kwenye majengo yaliyogeuzwa izuie angalau desibeli 43 za sauti ya hewani, na mshindo wa hatua usizidi 64 upande wa chini. Boriti zilizotenganishwa, sufi ya sentimita 10, na sakafu inayoelea juu ya vipande vya mpira vinaweza kufika huko. Kosa dogo linaloharibu yote ni msumari mrefu unaotoboa sakafu inayoelea na kuishika boriti. Safu nzima inakuwa kitu kimoja tena.

BombaMoja

Choo kikae juu ya choo. Huo ndio mwanzo wa ramani yako, sebule ifuate baadaye.

Bomba la maji taka ni milimita 110 na linahitaji mteremko wa moja kwa arobaini, sentimita 2.5 kwa kila mita. Bomba likisafiri mita 3 kufikia bomba kuu, linashuka sentimita 7.5, jumlisha unene wake unapata 18.5. Kwenye boriti za sentimita 20 linaingia, lakini tu kama linakwenda sambamba nazo. Kukatiza haliwezi: tundu kwenye boriti lisizidi robo ya kina chake, hapa sentimita 5, na litobolewe katikati ya kina, kati ya asilimia 25 na 40 ya urefu kutoka mahali boriti inapokalia. Ukimruhusu fundi bomba akate boriti kwa juu ili bomba lipite, umetupa hesabu zote za wakuu hapo juu.

Tangi: lita 1,000 ni tani moja kwenye mita moja ya mraba, mara tano ya mzigo ambao sakafu imepimiwa. Liache chini. Mita 10 za kimo hula baa moja ya shinikizo. Jengo la mita 15 linahitaji baa 1.5 za kupandisha, moja ya kutokea bombani, na nusu baa ya kushinda msuguano. Pampu ya baa 3 chini inatosha. Weka vali ya kufungia nje ya mlango wa fleti, mahali ambapo jirani wa chini anaweza kuifikia maji yakivuja.

Bomba la hewa la maji taka litoke juu ya paa angalau sentimita 90 kupita kichwa cha dirisha lililo karibu. Mkiweka madirisha mapya ya paa mara nyingi mnalisahau bomba la zamani, na harufu inaingia chumbani.

Upepo_na_Joto

Chumba cha paa kinaharibiwa na vitu viwili, joto la jua na mvuke wa watu.

Familia ya watu wanne kwa kupika, kuoga na kupumua hutoa kama lita 10 za maji hewani kwa siku. Mvuke huo hupanda, unapenya nyufa za jipsam, unakutana na sehemu ya baridi chini ya vigae na kugeuka matone. Matone yanadondokea kizuia joto, kisha kombamoyo. Mpangilio kutoka nje kuja ndani: vigae, papi (mbao nyembamba za kushikia vigae), karatasi ya chini ya vigae, uwazi wa hewa, kizuia joto kati ya makombamoyo, safu nyingine nyembamba chini yake ili kukata njia ya joto kupitia mbao, karatasi ya kudhibiti mvuke, jipsam. Uwazi wa hewa uwe sentimita 5 kama karatasi ya juu haipitishi mvuke, na uwe wazi chini kwenye ukingo na juu kwenye mgongo. Uwazi uliozibwa juu ni sawa na kutokuwepo.

Hii ni kwa mahali ambapo ndani ni joto kuliko nje. Mahali pa joto ambapo ndani kuna kiyoyozi, mvuke unasafiri kinyume, kutoka nje kuja ndani, na karatasi ya plastiki upande wa ndani itaunasa nyuma ya jipsam. Huko tumia vifaa vinavyopumua pande zote. Mafundi wengi hunakili mchoro wa nchi ya baridi bila kubadilisha chochote.

Kwa joto la mchana, uzito wa kizuia joto una maana. Bodi nzito za nyuzi za mbao huchelewesha joto kwa saa nyingi kuliko sufi nyepesi ya unene uleule. Kivuli kiwe nje ya kioo. Pazia la ndani linasimamisha mwanga, lakini joto limeshaingia.

Tofali_na_Chokaa

Mwenye nyumba ya mawe ya matumbawe yenye paa bapa, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, asichukue hesabu hizi moja kwa moja. Pale hakuna kenchi. Boriti za mikoko hubeba mawe na chokaa, na ndizo zilizoamua upana wa vyumba uwe mita 2.5 hadi 3. Sakafu hiyo peke yake ni nzito mno: sentimita 30 kwa kilo 1,800 za mita ya ujazo ni kilo 540 kwa kila mita ya mraba, kabla hajapanda mtu.

Juu yake jenga kwa fremu nyepesi ya mbao na mabati, miguu ya fremu ikalie juu ya kuta na sio katikati ya boriti. Usimwage zege, wala usipige lipu ya saruji. Saruji inafungia unyevu na chumvi ndani ya matumbawe. Ukuta unamomonyoka nyuma ya lipu inayoonekana nzima, na ncha za boriti zinaoza ndani yake. Nondo nazo hushika kutu mapema kwa sababu ya chumvi hiyo. Na miji yote hiyo miwili imo kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia, Zanzibar tangu 2000 na Lamu tangu 2001, hivyo mstari wa mapaa unaoonekana kutoka mbali nao unalindwa.

KenchiNaPapi

Nilisema nitarudi kwenye madirisha. Wakaguzi wa urithi huanza kwa kusimama barabarani na kutazama juu. Ukibadilisha uso huo, mpango wako umekwama hapo. Mkataba wa Venice wa 1964, kifungu cha 5, unakubali kwamba jengo la kale linahifadhika vizuri zaidi likitumika, ila matumizi hayo yasibadilishe mpangilio wala mapambo yake. Kwa hiyo barabarani acha vigae vilivyo. Madirisha ya uani yalale sawa na uso wa vigae, upana wake uingie kati ya makombamoyo mawili bila kuyakata. Kama ni lazima kukata moja, mbao mbili za kukingama zipeleke mzigo kwa majirani zake, nao waongezewe pacha mmoja kila upande.

Vigae vya zamani vishushwe kwa mkono, vipangwe kwa safu, vilivyovunjika vihesabiwe. Ukikosa baadhi, vya zamani virudi upande wa barabarani na vipya viende uani. Kagua popo pia kabla ya kufungua paa. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zinawalinda kisheria, na kazi husimama wakikutwa katikati ya ujenzi.

NgaziSalama

La mwisho kwangu ni wakati wa ujenzi wenyewe, maana hapo ndipo mapaa ya kale huungua. Agosti 30, 1989 jumba la Uppark huko Uingereza liliteketea mafundi wakitengeneza mabamba ya risasi ya paa kwa mwali wa gesi. Aprili 15, 2019 moto wa Notre-Dame ya Paris ulianzia kwenye paa huku ukarabati ukiendelea. Mbao kavu za miaka mingi, vumbi na viota vya ndege havihitaji cheche kubwa.

Andika kwenye mkataba: hakuna mwali wazi wala kuchomelea juu ya paa. Chuma kichomelewe chini, juu kifungwe kwa bolti. Kama kazi ya moto haiepukiki, ikomee mapema mchana na mtu abaki akiangalia kwa saa nzima baada ya kuzima, upande wa juu na wa chini wa sakafu. Umeme wa muda ukatwe kila jioni.

Darini_Juu (mleta uzi)

Zege limeondoka, tangi limeshuka, fleti ni moja. Naomba mwongozo wa mpangilio: tunafungua paa kwanza au tunaweka sakafu kwanza?

KenchiNaPapi

Jukwaa kwanza, na juu yake paa la muda la mabati au turubai lililofungwa kwenye fremu, likivuka ukingo wa jengo kila upande. Ni gharama inayouma, na ndiyo watu wanayoikata ili kuokoa pesa. Mvua moja kwenye dari za chokaa za jirani wa chini, zikanywa maji na kushuka, inazidi gharama ya paa la muda.

Kisha toa kifusi, kwa mikanda ya mita moja na nusu, ukipokezana pande mbili za ukuta wa kati ili mzigo upungue sawasawa. Kishushwe kwa ndoo au mrija wa taka. Kukirundika katikati ya sakafu ni marufuku. Weka boriti mpya na mbao za juu, sasa una jukwaa imara la kufanyia kazi ya kenchi. Rekebisha mbao za paa, kisha vibanda vya madirisha, kisha vigae. Paa la muda litoke vigae vikishakamilika. Kuta nyepesi, mabomba na umeme vifuate baada ya hapo.

Mizigo_Inashuka

Na kabla ya hata jukwaa, bandika vipande vya kioo kwa plasta kwenye kila ufa uliopo sasa, viandikwe tarehe. Piga picha za kuta na dari za fleti zote za chini mbele ya wenyewe. Soma vioo kila wiki wakati wa ujenzi, na kwa mwaka mmoja baada ya watu kuhamia, kwa sababu mzigo wa samani huja mwisho. Kioo kikipasuka, simamisha kazi ya upande huo na uite mhandisi kabla ya kuziba ufa.